Kalamu Ikilala, Waiteni wa Getini

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa za kazi zikiisha, Mama Geti atafunga droo yake, atamkabidhi mkuu wa ofisi funguo, na kutoka nje akiwa mstaafu. Ameitumikia ofisi yetu ya wosia na mirathi kwa miaka thelathini na miwili. Amewaona wakuu sita wakija na kuondoka, mashine za chapa zikigeuka kompyuta, na paa la ukumbi likivuja mahali palepale chini ya wakuu wote sita.

Kamati ya sherehe ilitaka wasifu huu uandikwe na msomi. Wasomi wakasukumiana mpaka kazi ikamwangukia dereva, yaani mimi, kwa hoja kwamba hakuna aliyekaa naye kwenye gari muda mrefu kunizidi. Nimeambiwa niandike kwa furaha, nisizidishe utani, na nisigeuze sherehe kuwa matanga. Mawili ya kwanza nitajaribu. La tatu siahidi. Kazi ya Mama Geti ni kukaa na watu wanaokaribia kuondoka, na asiyetaka kusikia habari za kifo asimwalike mtu wa wosia kwenye karamu.

Tuanze na jina. Wageni wengi hudhani ana mtoto aitwaye Geti, na yuko karani mmoja mgeni aliyewahi kumuuliza Geti anasoma darasa la ngapi. Jina hilo limetokana na amri yake. Sheria ya wosia, kwa wasioijua, ni fupi: mwenye mali atie saini mbele ya mashahidi wawili walio hapo pamoja, nao watie saini mbele yake, na shahidi asiwe mtu anayerithi chochote. Sheria haisemi mrithi akae wapi. Hilo alilisema Mama Geti. Tangu alipoanza kazi, kila nyumba na kila wodi aliyoingia, neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Anayerithi, getini." Si mlangoni, si barazani. Getini kabisa, mahali ambapo haoni kalamu wala mwenye kalamu hamwoni yeye.

"Mgonjwa akimwona mwanawe amesimama pale," alikuwa akiniambia ndani ya gari, "si yeye anayeandika tena. Ni yale macho ya mwanawe."

Nilidhani ni ukali wa bure mpaka siku ya mzee wa mbao. Aliletwa ofisini na wanawe wawili, kila mmoja amemkamata mkono kama askari na mtuhumiwa. Wakaeleza kwamba baba ameamua kuwagawia wao kila kitu. Mama Geti akawatuma getini. Walipotoka tu, mzee akavua kofia, akaomba maji, akanywa yote, akasema, "Sasa mwanangu, andika. Nyumba ni ya mama yao. Hao mbao zinawatosha." Kisha nikapewa mimi kazi ya kuwarudisha nyumbani wote watatu kwenye gari moja. Vijana walinuna njia nzima. Mzee alikuwa anapiga mluzi.

Getini pia kumetokea mema. Wake wawili wa mwalimu mmoja, waliokuwa hawajawahi kusalimiana, walinyeshewa pamoja getini wakimsubiri mume wao amalize. Mmoja alikuwa na mwavuli. Tuliporudi tuliwakuta chini yake wote wawili, wakimsema mume huyohuyo, na nasikia mpaka leo wanatembeleana.

Kama abiria, Mama Geti ana kasoro moja tu: hukaa nyuma na kunitajia mashimo baada ya gari kuingia. "Shimo hilo," husema, huku vichwa vyetu vikigonga paa. Ana mkoba wenye kalamu nyeusi tupu, na kila moja huijaribu kwanza kwenye kiganja chake. Ukimwona amejaa mistari mkononi jua kwamba siku hiyo kulikuwa na kazi nyingi.

Na kila jioni alikuwa akichukuliwa na mumewe. Huyu alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Mzee Baridi. Hakuingia ofisini hata siku moja. Alisimama nje na sanduku lake la zana, na tukimkaribisha ndani alijibu, "Niacheni hapahapa. Mimi ni mrithi wa kudumu." Alilirudia neno hilo kila siku, naye Mama Geti alilichekea kila siku. Sijui walivyoweza.

Lakini kinyozi hajinyoi. Mwanamke aliyewaandikia watu wa kila aina wosia alishindwa kumwandikisha mume wake. Mzee Baridi alikuwa haogopi umeme, haogopi gesi, ila karatasi hiyo aliiogopa. Kila alipoambiwa alisema ni uchuro, na kwamba ukikiita kifo kwa jina kitaitika.

Hapo palikuwa na jambo lisilo la utani. Mama Geti na mumewe hawakujaliwa kuzaa. Walikuwa wanamlea binti wa mdogo wake Mama Geti, aliyefariki mtoto akiwa bado ananyonya. Binti aliwaita baba na mama, ila kwenye karatasi hakuwa mtoto wa mtu yeyote mle ndani. Kaka mkubwa wa Mzee Baridi alilijua hilo vizuri. Siku moja, kwenye kikao cha ukoo, alisema mbele ya watu wote kwamba nyumba ya ndugu yake ikibaki bila yeye itarudi kwa wenyewe, maana mke asiye na mtoto ni mgeni aliyechelewa kuaga. Binti alikuwa amesimama palepale na sinia la chai. Mzee Baridi aligomba, akamfukuza kaka yake, na bado wosia hakuandika.

Kisha ukaja ule ugonjwa.

Hospitali ililitenga jengo la nyuma, lililokuwa ghala la vitanda vibovu, ikalizungushia kamba, na wagonjwa wakaingizwa humo. Kilichoingia hakikutoka. Viatu, nguo, simu, vyote vilichomwa. Jamaa walisimama upande huu wa kamba, na wahudumu wenye mavazi ya plastiki kutoka utosini hadi kwenye vidole walipita kati. Nesi mkuu wa jengo lile alitupigia simu wiki ya kwanza. Alisema wagonjwa wake wanaomba vitu viwili: maji, na mtu wa wosia.

Mkuu wetu alitaka kufunga ofisi mpaka hali itulie. Sikumlaumu, alikuwa na mama mzee nyumbani. Mama Geti alimjibu kwa adabu, akiwa tayari na mkoba begani. "Mkuu, wosia haujui kusubiri. Wanaojua kusubiri ni warithi."

Tukaanza kwenda. Meza iliwekwa kwenye majani, nje ya kamba, ikitazama dirisha. Nesi aliingia na karatasi, mgonjwa akasomewa kwa simu ya wodi yenye spika, kisha akatia saini karatasi ikiwa imewekwa juu ya ubao na kuinuliwa karibu na kioo ili mashahidi wote wawili waione kalamu ikienda. Nesi akaitoa karatasi, akaiweka mezani, na mashahidi wenye glavu wakatia saini huku mgonjwa akiwatazama. Mara nyingi mashahidi walikuwa mimi na sekretari wa ofisi, mama mmoja mwembamba anayeogopa mende lakini hakuogopa jengo lile. Warithi walikuwa wapi? Mnajua walikuwa wapi. Geti la hospitali liko nyuma ya jengo la kufulia. Ukisimama pale huoni dirisha hata ukisimama juu ya mabega ya mlinzi.

Wosia wa kwanza ulikuwa wa fundi cherehani, na tuliuharibu. Mpulizaji dawa wa hospitali, aliyeamriwa anyunyizie kila kinachotoka, aliinyunyizia na karatasi. Wino ukatembea. Mke, watoto, cherehani na kiwanja vikawa dimbwi moja jeusi. Fundi aliyaona yote kupitia kioo, akacheka mpaka akakohoa. "Basi," akasema kwa simu, "mpeni huyo na bomba lake, ndiye mrithi." Ilibidi aandikiwe upya. Kuanzia siku hiyo karatasi hazikunyunyiziwa. Ziliwekwa kwenye mfuko unaopitisha mwanga na kuanikwa juani. Fundi yule alipona, na ndiye anayetushonea sare mpaka leo. Suruali zangu bado anazikata fupi.

Wa pili sitacheka nikimwandika.

Alikuwa msusi. Alikuwa na saluni ndogo, viti vitatu na mashine ya kukausha nywele, na mpwa wake wa kike aliyemlea na kumfundisha kazi. Alizidiwa siku ambayo hatukuitwa. Nesi kijana, kwa huruma tu, alimwandikia wosia: saluni yote kwa mpwa. Nesi akatia saini kama shahidi wa kwanza. Wa pili hakuonekana, na pumzi zilikuwa zinakwisha, basi wakamwita mtu pekee aliyekuwa kwenye kamba wakati ule. Alikuwa ni yule mpwa. Alitia saini kwa moyo wake wote. Shangazi yake alikufa akiamini amemaliza.

Yule binti alituletea karatasi ofisini. Alikuwa analia, lakini aliishika kwa mikono miwili, kwa matumaini. Mama Geti aliisoma, akairudia, akamwomba akae.

"Mwanangu, hii saini ya pili ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

Mama Geti aliilaza karatasi mezani. Kisha akamweleza, taratibu, akimshika kiwiko, kwamba shahidi hawezi kurithi, na kwamba kwa saini hiyo amejitoa mwenyewe. Ndugu wa marehemu walichukua viti, mashine na vioo. Mara ya mwisho nilimwona yule binti barabarani na mfuko wa vitana. Ndani ya gari Mama Geti hakutaja mashimo siku hiyo. Alisema neno moja tu tulipokaribia ofisini, kwamba kilichomtoa yule mtoto ni upendo wake. Tangu hapo akawa mkali maradufu juu ya geti. Walinzi wenyewe walimwogopa.

Ugonjwa ulipopamba moto, chumba cha baridi cha maiti kiliharibika. Mafundi walioitwa walikataa, na nani angewalaumu. Mzee Baridi alikwenda. Alisema hata maiti wana haki ya baridi yao. Alikaa mle ndani mpaka mashine ikanguruma, akarudi nyumbani, akaoga nje, akalala chumba cha peke yake. Wiki iliyofuata aliingizwa nyuma ya kamba.

Simu yake ilimkuta Mama Geti garini. Hajawahi kujua kuzima spika ya simu yake, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Mke wangu. Ile karatasi yako."

"Karatasi ipi?"

"Usinirudishe nyuma, pumzi hazitoshi. Ile ya uchuro."

"Utatoka humo. Utakuja ofisini uandike kama watu wengine."

"Nikitoka tutaichana pamoja. Wewe lete. Kaka yangu ameshaulizia hati ya nyumba."

Aliniambia nisimame. Nikasimama kando ya barabara. Alikaa ametazama viganja vyake vyenye mistari ya wino, kisha akasema, "Turudi ofisini. Hii mimi siruhusiwi kuigusa."

Mkuu aliiandika mwenyewe, akipokea maelezo kwa simu. Wakati wanazungumza, Mama Geti alitoka akaenda kusimama kwenye geti la ofisi yetu, mahali alipokuwa akisimama mumewe kila jioni. Mkuu alipomaliza alimwambia kwamba hii ni tofauti. Huyu ni mume. Akae kando ya meza, ageuke tu, aonane naye kabla na baada, hakuna atakayesema neno. Sekretari alimsihi mpaka akalia. Hata mimi nilifungua mdomo, jambo ambalo si kawaida yangu kwenye mambo ya wakubwa.

"Shemeji atasema," alijibu. "Yule mtoto wa saluni nilimwambia sheria ni sheria. Leo ni zamu yangu, sheria iwe uji? Nikionekana kwenye lile dirisha kabla hajaandika, watasema nilimkazia macho. Na binti yangu atatolewa nje na sinia lake."

Kwa hiyo tulikwenda wote, naye akashuka getini. Nilimwacha nyuma ya jengo la kufulia, karibu na kibanda cha mlinzi, amegeukia barabara. Mimi, sekretari na mkuu tukaenda kwenye meza.

Mzee Baridi alikuwa ameegemezwa mito. Alikuwa amebaki mifupa na macho, na bomba puani. Alitutazama mmoja mmoja, akatafuta nyuma yetu.

"Yuko wapi?" simu ikauliza.

"Getini, mzee," nikasema.

Alicheka. Nawaapia alicheka, mabega yakatikisika. "Hata leo? Hata mimi?" Akapumzika kidogo. "Haya. Miaka yote nimemngoja mimi. Leo na yeye aonje. Tumalize, halafu mumwite."

Mkuu alisoma. Nyumba ni ya mke wangu na binti yetu, sawa kwa sawa, asiwatoe mtu. Sanduku la zana ni la binti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ananishikia tochi. Nesi aliinua ubao. Mzee Baridi alitia saini polepole mno, na kila herufi tuliiona. Karatasi ikaletwa mezani. Sekretari akaandika, nikaandika mimi, na kila tulipoinua macho tulikuta ameinua shingo anatutazama, amejikaza, maana alijua lazima aone. Niliweka kalamu chini.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha, mzee."

"Mwiteni sasa."

Sekretari aliondoka mbio. Viatu vyake vilimtoka kwenye majani akaviacha. Lakini ile shingo aliyoikaza ilikuwa imekula nguvu zake zote. Nilimwona akishuka kwenye mito. Nesi mkuu alimwekea mashine usoni, akawaita wenzake, mmoja akavuta pazia, kama walivyokuwa wakifanya kila mara wanapomhudumia mgonjwa. Mama Geti alipotokea kwenye kona ya jengo la kufulia, akikimbia na mkoba wake, pazia lilikuwa limefungwa.

Alisimama mbele ya dirisha. Akamwuliza nesi kwa simu kama mumewe anasikia. Nesi akamwambia amelala, ila anapumua, aje kesho asubuhi akiwa na nguvu.

"Haya," Mama Geti akasema. "Kesho."

Kisha akatugeukia. Mikono ilikuwa nyuma, ili asiiguse karatasi hata kwa bahati mbaya.

"Mmetia saini wote wawili?"

"Tumetia."

"Alikuwa anawaona?"

"Alikuwa anatuona, mama."

"Basi ianikeni."

Kesho haikufika. Alfajiri nesi alipiga simu. Mzee Baridi alizikwa na watu wenye mavazi ya plastiki, na mkewe na binti yake walisimama mbali, nyuma ya kamba nyingine.

Kaka mkubwa hakungoja hata arobaini. Alikwenda mahakamani kusema wosia si wa ndugu yake, kwamba ulitungwa na mwanamke ambaye kazi yake ni wosia, akamwongoza mgonjwa mkono kwa macho na maneno. Kwa masikio ya mtu wa nje, maneno yale yalikuwa na uzito. Mimi niliitwa kuwa shahidi. Nilivaa suruali ya fundi cherehani, fupi kama kawaida, nikasimama kizimbani. Wakili wake alikuwa kijana mwenye sauti nzuri.

"Wakati marehemu anatia saini, mke alikuwa wapi?"

"Getini."

"Umbali gani na dirisha?"

Nilitaka kusema hatua, nikashindwa kuzikumbuka. Nikasema kilichokuja.

"Umbali wa kutosha kwamba hakumwona mumewe tena."

Wakili alitazama karatasi zake. Hakimu alimwambia aendelee, naye akasema hana swali jingine. Nilimtazama Mama Geti. Alikuwa ameinamisha kichwa, binti amemshika mkono, na ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nilipomwona akilia mbele ya watu. Wosia ulisimama. Nyumba ikabaki yao. Sikuona mtu yeyote aliyetoka mahakamani siku ile akiwa ameshinda.

Sisi tulidhani hatarudi kazini, au akirudi atalifuta lile geti. Alirudi Jumatatu. Geti hakulifuta. Alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, mwandiko wake mwenyewe: "Kalamu ikilala, waiteni wa getini. Pazia lisifungwe kabla." Akaenda nayo hospitalini, akaongea na nesi mkuu kupitia ile kamba, na kuanzia siku hiyo wosia ulikuwa na hatua moja zaidi ambayo hamtaikuta kwenye kitabu chochote cha sheria. Alimtaka nesi atutumie neno mgonjwa akiwa bado na nguvu, asingoje azidiwe. Nafasi yangu ya shahidi alimpa karani mmoja, na mimi akanipa kazi ya kuliegesha gari getini, injini ikiwaka, niwalete warithi mpaka karibu na kamba mara tu kalamu inapowekwa chini. Nimewabeba wengi, mpaka wengine wakakaa kwenye buti.

Na walipofika dirishani walisema nini? Msidhani ni maneno makubwa. Mke mmoja alimwinulia mumewe viatu alivyovipeleka kwa fundi kabla hajaugua, akamweleza kwamba soli ni mpya. Vijana watatu walimwambia mama yao bati limeshapigwa, mvua haiingii tena. Baba mmoja aligombana na mwanawe kuhusu kuku, kwa simu, kupitia kioo, akiwa na bomba puani, na wote wawili walionekana wamefurahi. Wengi wa waliokuwa ndani hawakutoka. Lakini walionwa. Mama Geti alisimama pembeni ya meza kila mara, akifunga mkoba wake taratibu kuliko inavyohitajika. Hakuwahi kumtaja mumewe pale, nasi hatukumuuliza.

Ugonjwa ulikwisha, kamba ikakunjwa, jengo likarudi kuwa ghala la vitanda. Hatua ile ilibaki. Mpaka leo, nyumbani kwa mtu au wodini, kalamu ikiwekwa chini lazima mmoja wetu atoke kwenda kuwaita. Makarani wapya hudhani ni sheria ya nchi, na mimi siwakosoi.

Binti amekuwa mkubwa. Sanduku la zana analibeba yeye, na jokofu la ofisi lililotusumbua miaka na miaka yeye ndiye aliyelitibu, kisha akatutoza bei kamili, akasema undugu haununui gesi. Sasa jioni ndiye anayekuja kumchukua mama yake. Husimama nje na lile sanduku. Tukimkaribisha, anakataa.

Huyo ndiye mama mnayemuaga. Ofisi inamshukuru kwa kila mzee aliyepewa nafasi ya kupumua, kwa kila mjane aliyebaki nyumbani kwake, na kwa ukali ambao aliulipia mwenyewe kwanza. Tunamwombea usingizi mrefu, magoti yasiyouma, dereva mwenye macho kunishinda, na siku nyingi za kukaa nyumbani mwake bila mtu kumwambia ahame.

Neno la mwisho ni lako mwenyewe, Mama Geti. Wiki hii nzima, nikiwa naandika, umepita mezani kwangu ukitaka kuchungulia, nami nimekufukuza kwa maneno yako mwenyewe: anayerithi, getini. Sifa hizi ni zako, kwa hiyo hukupaswa kuiona kalamu. Umetii bila kunijibu, na hilo peke yake lingetosha kuandikwa. Hapa chini mkuu na sekretari wametia saini. Walikuwepo wote wawili kwa pamoja, waliniona nami nikawaona, na hakuna kati yao anayerithi chochote ila kiti kitakachokuwa wazi Jumatatu.

Nimeweka kalamu chini. Pazia hatujalifunga. Njoo sasa, mama, sote tuko dirishani tunakungoja.